Barua kwa mwanangu: Kama angelikuja mwingine mwenye sura yako

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama yako mgongo umempa nafuu, na tangu mvua zianze kupungua anakwenda shamba kila asubuhi ingawa tunamkataza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena pamoja naye. Umesema mjukuu wangu ameangalia filamu ya mtoto wa kawaida aliyekutana na mtoto maarufu wanayefanana naye, wakabadilishana nguo na nyumba, na wazazi wa pande zote mbili wasigundue kitu. Tangu siku hiyo hana neno jingine. Wenzake skuli wameshamwambia kuwa anafanana na msichana mmoja mwigizaji, basi anashinda kwenye kioo na anatamani naye abadilishane. Usiku akakuuliza kama babu wa Pemba angelimjua, ukakosa jibu, na swali ukaligeuza kuwa lako: "Baba, nilipokuwa mdogo, kama angelikuja mwingine mwenye sura yangu, ungelinijua?"

Ningelikujua, mwanangu. Tena usiku usingelipita.

Ikumbuke baraza yetu ya nyuma wakati wa msimu. Karafuu zinafika kutoka shamba magharibi, magunia yanamwagwa juu ya jamvi, tunaswali, tunakula, kisha sote tunakaa chini ya taa kuchambua. Kila mmoja ana mkono wake. Mama yako hushika vishada vitatu kwa pamoja na huwa wa kwanza kumaliza fungu lake. Wewe ulikuwa ukishika kimoja tu, unakibana kwenye kiganja cha kushoto, unakizungusha mara moja, karafuu zinaporomoka zote, na konyo, kile kijiti kinachobaki, unalirusha nyuma ya bega bila kutazama linakwenda wapi. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikugombeza kila usiku kwa makonyo yaliyomwangukia mapajani, na kila usiku akaja kukaa pale pale nyuma yako. Midomo yako ilikuwa ikicheza bila sauti, kwa sababu ulikuwa ukihesabu pishi zako na hukutaka mtu akuibie hata kibaba. Vidole vikishakuwa vyeusi kwa utomvu, unavinusa, unaendelea.

Mtoto mwingine mwenye sura yako angelikaa kwenye jamvi lile akazing'oa karafuu mojamoja kama anayechuma asumini. Nisingelikuwa na haja ya kumtazama usoni.

Wala si mimi peke yangu. Maalim wako wa chuoni aliwasikiliza watoto chungu nzima wakisoma kwa pamoja, kila mmoja na sura yake ya Qur'ani, naye amewapa mgongo, na bado akamtaja kwa jina aliyekosea na neno alilokosea. Na sheha wetu, mkuu wa mtaa, je? Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hukipati mpaka sheha aseme anakujua wewe ni nani na unakaa nyumba ya nani. Na wanapokuchukua alama za vidole wanajua wanachofanya, maana hata pacha waliotoka tumbo moja kwa sura moja hawana alama zinazolingana.

Lakini mjukuu wangu hajazua jambo la uongo. Tangu zamani tunasema duniani wawili wawili, na wenye elimu wamelitazama hilo. Mwaka 2022 watafiti wa Barcelona walichapisha kazi yao juu ya jozi 32 za watu wasio ndugu, ila mtu akiwaona anaapa ni mapacha. Waliwapitisha kwenye programu za kompyuta zinazotambua nyuso, kisha wakapima mate yao. Wale ambao kompyuta nazo ziliwaona wamefanana mno, walikutwa pia wanashirikiana sehemu za vinasaba. Vijidudu wanavyoishi navyo kinywani lakini vilikuwa mbalimbali, na hata zile alama ambazo maisha huziacha juu ya vinasaba hazikulingana. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kweli kweli. Sura unaweza kuipata sawa na mtu usiyemjua, aliye bara nyingine, lakini ulichokula na ulikolelewa vinabaki ndani ya mate yako.

Na kubadilishana kwa ajili ya sura kumewahi kufanyika kweli, kwa watu wazima. Mwaka 1944, Waingereza walipokuwa wakijitayarisha kuingia Ufaransa, walitaka Wajerumani wadhani jenerali wao, Montgomery, yuko kwengine kabisa. Wakamtafuta anayefanana naye, wakampata luteni wa idara ya mishahara ya jeshi, M. E. Clifton James, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani kabla ya vita. Alikaa karibu na jenerali kujifunza mwendo wake na namna anavyosema. Montgomery hakuwa mtu wa pombe wala sigara, ikabidi James aviache vyote viwili. Alikuwa amepoteza kidole katika vita vya kwanza, wakamtengenezea cha bandia. Kisha wakampandisha ndege mpaka Gibraltar, na baadaye Algiers, apigiwe saluti na aonekane na majasusi. Angalia lakini walimwekea umbali gani: uwanja wa ndege, gari linalopita, bustani ya gavana. Hawakumpeleka akalale nyumbani kwa Montgomery. Na shughuli ilipokwisha alirudishwa kwenye meza yake ya mishahara, hana ruhusa ya kumwambia mtu alikuwa wapi. Mimi humwonea huruma sana mtu yule. Alipigiwa saluti na umati mzima, na katika wote hao hakuwepo wa kumuuliza yeye, James, ameamkaje.

Hilo ndilo ningelipenda mtoto alifikirie kwa utaratibu. Anayeingia kwenye maisha ya mtu maarufu kwa kufanana naye, anaingia kwa watu wanaoijua sura tu. Watamshangilia. Akiumwa na tumbo usiku, nani anajua kuwa yeye hulala kifudifudi tumbo likimuuma?

Kama anataka mtu maarufu wa kumtamani, msimulie Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, nyumba maskini, jina alilopewa ni Mtumwa. Alitembeza vyungu mjini kuuza, na watu walimjua kwa sauti yake ya kunadi kabla hajafika mlangoni. Baadaye akahamia mjini, akafundishwa kuimba taarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay na wenzake kurekodi santuri. Waliomhusudu walimtungia wimbo wa kumsimanga kwamba ametoka shamba na kaniki, na kwamba lau si sauti asingelipata cha kula. Naye akawajibu kwa wimbo wake, na mji mzima ukajua nani ameshinda. Mamangu alikuwa akimsikiliza kwa santuri iliyopigwa kwenye mkahawa huku Wete, anasimama nje kwa sababu wanawake hawakai mkahawani, na mpaka Siti anafariki mwaka 1950 hakuwahi kuuona uso wake. Umaarufu wa namna ile nani angeliuvaa kwa kufanana naye pua na macho? Angelifungua mdomo tu, watu wakaondoka.

Na yuko mwingine wa hapa kwetu, ambaye yeye alitoka kwenye jina kubwa akaenda kwenye maisha ya kawaida. Ulikuwa ukinitaka nikusimulie habari zake ulipokuwa darasa la tano. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Alipofika mji wa Aden alibatizwa akaitwa Emily, wakaoana, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, binti wa sultani akitafuta riziki kwa kusomesha Kiarabu. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli ya Kijerumani. Miaka karibu ishirini imepita, amevaa nguo za kizungu, ana jina jingine na dini nyingine, na watu wa mitaani walimtambua, wakamfuata na kumsalimu. Ndugu yake, Seyyid Barghash, hakumpokea.

Hadithi hii nimeisomesha miaka mingi, na kila nikifika hapo sauti yangu inashuka. Katika filamu, mzazi anampokea mtoto asiye wake kwa kuwa macho yamemdanganya. Seyyid Barghash macho yake yalikuwa mazima. Alimjua vizuri sana dada yake, na kwa kumjua akafunga mlango.

Kwa hiyo, mwanangu, nimelitazama swali lako tena. Nakumbuka Idd uliyokuja, jirani mmoja alikwambia pale barazani kuwa umebadilika, kuwa unasema kama watu wa bara, si yule tuliyemzoea. Alikuwa akitania, lakini wewe ulinyamaza, ukainuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Sikusema kitu mbele za watu. Nakwambia sasa: kweli umebadilika. Unasema haraka, chai unakunywa bila sukari, simu inakuita mpaka wakati wa kula, na unayo mawazo ambayo mimi na mama yako hatukukupa. Yote hayo nimeyaona na hakuna hata moja lililonifanya nikutilie shaka. Siku utakayobisha hodi hapa kwa sura yoyote, kwa lafudhi yoyote, mlango huu ni wako, na ukinikuta msikitini mama yako anao ufunguo. Ungeliniuliza hivyo tokea mwanzo ningelikujibu hivyo hivyo.

Turudi kwa mtoto. Usimcheke na usimkatalie. Mtoto kutamani maisha mengine ni katika kukua kwake, na wewe ulikuwa ukiomba upelekwe Kojani ukaishi na wavuvi. Ila umegusia kwamba kuna watu wameomba picha zake waziweke mtandaoni pembeni ya picha za yule msichana, na kwamba mmoja ametaja malipo. Hapo nakutaka uwe mkali. Mueleze habari za Jackie Coogan, mtoto wa Kimarekani aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921 akawa mtoto maarufu kuliko wote zama zile. Alichuma mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akaomba fedha zake, akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia, na sheria ya siku zile ilisema pato la mtoto ni mali ya mzazi. Aliwashitaki mwaka 1938, akaambulia kiasi cha dola 126,000. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kuwawekea akiba watoto wasanii, na mpaka leo watu wanaiita kwa jina lake. Huyo hakuibiwa na mgeni. Basi huyu anayekutumia ujumbe bila hata kutaja jina la baba yake, atamfanyia mtoto wetu nini? Mjibu kwa adabu kuwa picha hazipo, na zile zilizokwisha wekwa uombe ziondolewe. Mkwe wangu naye aambiwe, jambo hili usilibebe peke yako.

Likizo ya Disemba mlete mtoto huku. Mkimpandisha boti mpaka Unguja, ami yake atampokea bandarini na kumfikisha Mkoani, nami nitakuwa gatini nikimsubiri. Mikarafuu ya juu bado itakuwa na kitu. Nataka nione na yeye ana mkono gani, maana hajawahi kukaa kwenye jamvi akachambua, na mimi simjui bado kama nilivyokujua wewe. Akiniuliza kama ningelimjua, nitamwambia anipe nafasi nimjue kwanza, na kwa hilo siku za likizo zinatosha kuanzia. Na kama kweli yuko mwenzake wanayefanana sana, aje naye pia. Vitanda viko viwili na wali upo.

Mama yako anasema umletee miwani ya kusomea, ile yake imevunjika mkono. Mkwe wangu msalimie sana.

Wasalaam,
Baba yako