Re: Kina mama tunataka kusaidia wazee wa vita vya Kagera, tuanzie wapi?

Dada wa Kasulu, nimesoma ulivyoandika, kwamba kina mama wa mtaa wenu mmepanga kuwapelekea wazee waliopigana vita vya Kagera mchele na vitenge siku ya Mashujaa, Julai 25. Siku nzuri sana hiyo, wazee wanavaa medali zao, wanaona mkuki na ngao vikiwekwa pale mnarani, wanafurahi. Ila nakuomba msianzie hapo. Anzieni siku ya kawaida tu, na anzieni kwa mke wa mzee.

Mi niko Urambo. Tulikuwa na chama chetu cha kuzikana, ukifiwa tunakuja na kuni na unga, kazi ya jikoni yote tunaibeba, basi. Sasa kuna msiba mmoja ndo tukajua marehemu alikuwa vitani, wajukuu zake wenyewe hawakuwa wanajua, na mjane anapekua magunia kutafuta karatasi za jeshi hajui hata aende ofisi gani. Tukaulizana, na hawa walio hai je? Maana aliyeenda 1978 akiwa na miaka 20 leo anakaribia 70, na hawa wa kwetu wengi walikuwa mgambo, waliitwa, wakapigana, Kampala ikaanguka Aprili 1979, wakarudi kushika jembe kama walivyoliacha.

Mzee mwenyewe ukimuuliza ana shida gani atakwambia hana. Bibi ndo anajua kila kitu. Kuna mzee mtaa wa pili watu walikuwa wanasema ana kiburi, unampa shikamoo hajibu. Bibi yake akatuambia alikuwa kwenye mizinga, sikio la kushoto limekufa tangu kulekule Uganda, la kulia linasikia nusu, na anaona aibu kumwambia mtu arudie. Tangu hapo ukifika kwake unamshika mkono kwanza, unakaa kulia kwake, unaongea taratibu akiutazama mdomo wako. Alikuwa akienda hospitali anaitwa jina hasikii, anapitwa, jioni anarudi bila dawa na nyumbani hasemi. Matibabu bure kwa wazee wasiojiweza yamo kwenye sera ya wazee tangu 2003, na yeye alikuwa anayakosa kwa sababu hakuna wa kumgusa bega amwambie baba zamu yako. Siku hizi anasindikizwa na mama mmoja wa kwetu. Hiyo kazi haina gharama zaidi ya nauli ya boda na asubuhi yako moja, na kwangu mimi inazidi kilo 10 za mchele.

Zamu tunagawana kwa ukaribu wa nyumba, mama wawili kwa mzee mmoja ili mmoja akiuguliwa mwingine aende. Huku msimu wa tumbaku unavuruga kila kitu, wenye mashamba wanashinda kuchuma na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku usiku kuchochea moto, kwa hiyo miezi hiyo zamu zinashikwa na wale wa sokoni. Nyie angalieni kalenda ya kilimo cha kwenu mapema, vikundi vinakufa hapo jamani, wala si kwenye hela.

Karatasi za mzee msiondoke nazo. Pigeni kopi, orijino irudi kwa bibi siku hiyohiyo mbele ya mtoto wao. Na fidia msiahidi kabisa! Huku walishapita watu wakachangisha wazee hela za fomu wakisema malipo ya vita yanakuja, wakapotea, ndo maana mwanzoni baadhi ya milango tulifungiwa.

Ulichouliza kuhusu usajili wa kikundi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na katiba yenu na majina. Atawaeleza ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, haina riba ila ni ya biashara na inarudishwa, msiichukue kwa ajili ya wazee. Sisi tunachanga buku kila wiki, inatosha sabuni, nauli na unga wa uji.

Wajane nao waandikeni tangu siku ya kwanza. Mpaka sasa mko kina mama wangapi, na kuna yeyote anayekaa karibu na hospitali?