Ukitaka kuingia kwenye dansi za ukumbini, anza na kutembea

Mimi nacheza dansi za ukumbini (ballroom), zile za kucheza wawili wawili, hapa Ujerumani, kwenye klabu ya kawaida tu ya mtaani, na swali ninaloulizwa sana na Waswahili wenzangu ni mwalimu gani atawafundisha mitindo ya haraka haraka, yaani yale madoido ya hatua na mizunguko, ili wakaingie mashindanoni. Jamani, mitindo achaneni nayo kwanza. Jifunze kutembea na kumshika mwenzako, mengine yote yanakaa juu ya hayo mawili.

Tuelewane kwanza. Mashindanoni kuna makundi mawili makubwa, Latini (samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jaivu, na hiyo rumba si ile ya Kongo tuliyoizoea, ni kitu kingine kabisa) halafu kuna standadi, ambayo ndo yangu: walzi ya polepole, tango, walzi ya Vienna, slow foksi na kwikistepu. Kwenye standadi mnashikana mwanzo mpaka mwisho, hamna kuachiana.

Na huko kushikana ndo shughuli yenyewe. Mkono wa kulia wa mwanaume unakaa kwenye bega la nyuma la kushoto la mwanamke, pale kwenye mfupa mpana, viwiko viko juu, na kila mmoja amesogea kidogo kushoto kwake ili miguu ipate njia. Miili inagusana kuanzia usawa wa mbavu za chini. Wengi wetu kwa malezi yetu tunaona aibu kusimama karibu hivyo na mtu ambaye si wetu, sasa unakuta mtu anarudi nyuma kidogo halafu anaanza kuongoza kwa kuvuta mikono, hapo dansi imeshakufa, maana mwenzako anatakiwa ajue unakokwenda kutoka kifuani kwako kabla mguu haujaondoka. Vumilia, ukishaiona kuwa ni kazi aibu inaisha yenyewe.

Halafu kutembea. Ukienda mbele kwenye walzi kisigino ndo kinatangulia, kinateleza karibu na sakafu. Hatua ya kwanza uko chini, mwishoni mwake unaanza kupanda, ya pili na ya tatu unazidi kupanda, na unashuka mwisho kabisa wa ile ya tatu, taratibu, kwa kifundo na goti. Watu wengi wanashuka mapema, wanadondoka, na ukidondoka hatua inayofuata inakuwa fupi. Fanyeni zoezi hili peke yake sebuleni bila mtindo wowote. Tango yenyewe haina kupanda wala kushuka, magoti yamekunjwa muda wote na mguu unaunyanyua unauweka. Na kiuno, ndugu zangu, kiuno chetu tunachojivunia huku kinatulia, ila sikio letu la muziki linatusaidia sana, hilo nawahakikishia.

Muziki nao una vipimo vyake. Walzi ya polepole mashindanoni ina baa (vipande sawa vya muziki) 28 mpaka 30 kwa dakika, kila baa mapigo matatu, kwahiyo ni mapigo 84 mpaka 90. Ya Vienna ni baa 58 mpaka 60, mara mbili yake! Ndo maana Ujerumani huianzi mapema. Daraja la D, la mwanzo kabisa, unacheza walzi ya polepole, tango na kwikistepu, ukipanda C inaongezeka slow foksi, B ndo inakuja ya Vienna. Slow foksi ni ngumu kwa sababu miguu mara nyingi haikutani, inapitana tu na mwili hausimami, kwahiyo asiyejua kutembea anaonekana waziwazi. Mi naipenda kuliko zote.

Hatua hizi zilipangwa na walimu wa Uingereza kuanzia miaka ya 1920, na Blackpool, mji wa hukohuko Uingereza ambako tamasha lao lilianza 1920, mpaka leo kila mchezaji anaota kufika. Faida yake ni kwamba mzunguko wa kulia uliojifunza Hamburg utaucheza vilevile na mtu wa Tokyo, na popote uendapo ukumbi unazungukwa kinyume na mshale wa saa.

Siku ya mashindano mnaingia jozi nyingi kwa pamoja, namba iko mgongoni mwa mwanaume, muziki dakika moja na nusu hivi mpaka mbili. Raundi za mwanzo jaji anaweka alama tu kwa jozi anazotaka ziendelee, kwenye fainali ndo anapanga wa kwanza mpaka wa mwisho. Ana sekunde chache za kukutazama, sasa mtindo wako wa maajabu huenda hata asiuone, lakini kama uko nje ya mapigo au mabega yamepanda, hilo ataliona tu. Isitoshe D na C mitindo inayoruhusiwa ina mipaka.

Viatu nunua vya dansi, vyenye soli ya swedi (ngozi yenye vinyweleo), usitoke navyo nje hata kidogo, na brashi ya waya uwe nayo kwenye begi maana soli ikishakuwa laini unateleza. Gauni la gharama lisubiri. Mafunzo ya kundi klabuni ni nafuu kuliko ya binafsi, anza huko, na kama huna mwenzi nenda hivyohivyo mwambie mwalimu, wanaotafuta mwenzi huwa wapo.