Taa za jikoni: malizana na kivuli kwanza, urembo baadaye

Kipimo cha taa ya jikoni ni mchele. Saa mbili usiku uweke kwenye ungo, uchambue ukiwa umesimama kaunta. Kama unalazimika kugeuka na ungo wako kutafuta mwanga ndipo uone kijiwe, taa zako hazifai hata kama dari imegharimu pesa nyingi. Nyumba nyingi mpya za Dodoma, za Nzuguni na Iyumbu zikiwemo, zinaanguka kwenye mtihani huu, na mara nyingi balbu haina kosa lolote. Taa imewekwa moja, katikati ya dari, wakati kaunta, sinki na jiko vyote viko ukutani. Ukisimama kukata nyama taa iko nyuma yako, na kivuli chako kinalala juu ya kisu. Kutoa balbu ya wati 9 na kuweka ya wati 18 hakusaidii: macho yanaumia, kivuli kinabaki palepale.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani kutazama maua ya taa, chukua futi. Kaunta ya kawaida ina kina cha sentimita 60. Taa za kuzama darini zipangwe usawa wa ukingo wa kaunta, yaani kama sentimita 60 kutoka ukutani, ili mwanga ushuke mbele ya mwili wako. Fundi wa jipsamu akiachiwa mwenyewe atazipanga kwa kufuata ua la dari, kwa hiyo mchoree alama kabla hajatoboa. Kati ya taa na taa acha mita 1 hadi 1.2. Ukizibana sana na ukuta wenye makabati ya juu, zitamulika milango ya makabati na kaunta itabaki gizani.

Kiasi cha mwanga kihesabiwe kwa lumeni, maana wati zinakuambia umeme unaoliwa tu. LED nzuri hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati. Chukua jiko la mita 3 kwa 3.5, eneo lake ni mita za mraba 10.5. Mwanga wa jumla unahitaji lumeni kama 200 kwa kila mita ya mraba, hiyo ni 2,100. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya unaomezwa na kuta, moshi na vumbi, unafika 2,800. Taa nne za lumeni 700 zinatosha. Kuta zikiwa za rangi nzito au zimeshashika masizi, ongeza ya tano, au afadhali upake rangi ya mafuta nyeupe isiyong'aa sana. Ni rahisi kuifuta.

Sehemu ya kukatia ndiyo inayotaka mwanga mkali, lumeni 500 hivi kwa mita ya mraba, na mwanga huo usiudai darini. Uweke chini ya makabati ya juu kwa taa za mkanda. Hapa ndipo pesa inapopotea zaidi, kwa sababu mkanda unaonekana kama kitu cha kubandika tu.

Mikanda mingi huuzwa roli la mita 5, ya volti 12, na inahitaji adapta. Tuseme mkanda wako unakula wati 9.6 kwa mita na kaunta ni mita 3: jumla ni wati 28.8. Ongeza asilimia 20 ya nafasi ya kupumua, unapata karibu wati 35, basi nunua adapta ya wati 36. Adapta ya wati 30 itawaka vizuri siku ya kwanza, lakini itachemka kila usiku mpaka ife. Usiifungie juu ya jiko la gesi wala kwenye boksi lisilo na hewa. Mkanda ukatwe kwenye alama zake tu. Ukikata kati ya alama, kipande cha hapo hakiwaki. Na ukivuka mita 5 kwa waya mmoja, mwisho wa mkanda unafifia, kwa hiyo leta waya mwingine kutoka kwenye adapta uulishe na upande wa pili.

Gundi yake usiiamini. Mvuke na mafuta ya alizeti huifungua, na baada ya miezi kadhaa mkanda unaning'inia. Nunua reli ya alumini yenye kifuniko cha rangi ya maziwa, ifungwe kwa skrubu. Alumini inaondoa joto, na kifuniko kinaficha vile vidoa vya mwanga ambavyo vingeonekana kama shanga kwenye kaunta ya granaiti. Reli ikae upande wa mbele wa kabati, nyuma ya ukingo wa mlango. Ikikaa nyuma kabisa inapamba marumaru za ukutani, huku ubao wa kukatia ukipata mabaki.

Kuhusu rangi ya mwanga, madukani imejaa ile nyeupe yenye kuelekea bluu, iliyoandikwa 6500K, na wengi huamini ndiyo kali kuliko zote. Ukali unatokana na lumeni. Kinachofanywa na 6500K ni kuipa nyama rangi ya kijivu na kuufanya mlenda uonekane wa jana. Jiko lenye mlango wake liwekewe 4000K. Jiko lililo wazi kuelekea sebuleni, weka 3000K, ile yenye unjano, kote, kwa sababu rangi mbili zikionekana kwa mtazamo mmoja nyumba inaonekana kama imefungwa taa na mafundi wawili waliogombana. Soma pia namba ya CRI au Ra kwenye boksi, inayoonyesha jinsi taa inavyotoa rangi halisi za vitu: 80 ndiyo ya chini, na kwa mkanda wa kaunta tafuta 90. Boksi likikaa kimya, weka kiganja chako chini ya taa pale dukani. Kikionekana cha mgonjwa, rudisha. Nunua zote siku moja, kwani toleo tofauti la taa ileile huweza kutofautiana rangi.

Taa ya kuning'inia juu ya meza inapendeza, ila iwe sentimita 75 hadi 90 kutoka mezani, na isikaribie jiko. Zenye vioo vingi vya urembo ziache sebuleni: kiangazi cha Dodoma kina upepo na vumbi, na vumbi likikutana na mafuta ya kukaangia huwa utomvu.

Waya upangwe kabla ya plasta, vinginevyo utakuja kutindua ukuta uliokwisha pakwa rangi. Mwambie fundi akupe swichi mbili, moja ya dari na moja ya mkanda, na atege bomba la waya litokee ukutani kama mita 1.5 kutoka sakafuni, mahali kabati la juu litakapoficha. Waya wa taa ni milimita za mraba 1.5. Taa ya LED ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, angalia kama swichi ina kitaa chake kidogo, ambacho huweza kuwa ndicho sababu. Kama haina, huenda fundi amepitisha nyutro kwenye swichi badala ya laini, yaani waya unaoleta umeme. Mwite airekebishe, maana hapo holda ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Mtaa wenye umeme wa kupanda na kushuka, chagua taa zilizoandikwa 85–265V kuliko 220–240V.

Jiko la mkaa la nje lina taa yake: ya kufunikwa, IP65 (isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa), ya 3000K. Mwanga wa njano huvuta wadudu wachache zaidi, na msimu wa kumbikumbi utaona tofauti ndani ya sufuria.

Umeme ukikatika, balbu moja yenye betri ndani, inayoingia kwenye holda ya kawaida, inatosha kumalizia kupika. Iwekee swichi yake peke yake. Ikishirikiana swichi na taa nyingine, unaweza kuzima na yenyewe ikaendelea kuwaka mpaka betri iishe.