Maswali yenu: Wanawake wanne, mshumaa mmoja

Wengi mmeniuliza kuhusu picha ile inayozunguka kwenye simu: wanawake wanne wameizunguka meza ya duara usiku, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, watatu wanasikiliza wakiwa wameingiwa na hofu. Ni "Tales of Wonder!" ya Mwingereza James Gillray, iliyotolewa London tarehe 1 Februari 1802.

Ilipigwa na nani?

Haikupigwa. Njia ya kupiga picha kwa kamera ya Mfaransa Daguerre ilitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Swali hili nalijibu kila mara. Tafadhali tazameni mwaka kwanza.

Basi ni mchoro wa kalamu?

Hapana, ni picha ya kuchapwa. Bamba la shaba hupakwa nta, mchoraji huchora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tindikali hula pale palipochorwa. Wino huingia kwenye mifereji hiyo na karatasi hugandamizwa juu yake. Picha hutoka imegeuka, kwa hiyo maandishi huchongwa kinyumenyume, kama yanavyosomeka kwenye kioo. Rangi zilipakwa kwa mkono, nakala moja moja. Akija mtu kukuuzia "ile yenyewe, ipo moja tu duniani", funga pochi.

Wanasoma kitabu cha dini? Mbona wanaogopa hivyo?

Ni The Monk cha Matthew Lewis, cha mwaka 1796: riwaya ya mtawa anayemuuzia shetani roho yake. Gillray amemtabarukia Lewis picha hiyo, kwa maandishi yaliyo chini yake.

Je, si ushahidi kwamba wanawake wa zamani walipoteza muda kwa hadithi za ovyo?

Hili ndilo linaloniuma. Gillray alikuwa mchora vibonzo. Kazi yake ilikuwa kuwakejeli watu. Ndiye aliyemchora Napoleon kama kitoto kifupi, na mpaka leo watu wanaapa kwamba Napoleon alikuwa mbilikimo, ilhali kimo chake kilikuwa cha kawaida kwa wanaume wa wakati wake. Kibonzo si shahidi. Tena riwaya hiyo iliandikwa na mwanamume, kijana wa takriban miaka ishirini aliyekuja kuwa mbunge, na hakuna aliyeniandikia kwamba wanaume walipoteza muda kuitunga.

Tazameni kilichomo: kitabu kimoja, mshumaa mmoja, watu wanne. Mishumaa Uingereza ilitozwa kodi hadi mwaka 1831, na vitabu vilikuwa ghali. Sauti ya mmoja iliwatosha wote. Huko ni kusoma, na aliyesikiliza naye kasoma. Na mchapishaji aliyeiuza picha hiyo alikuwa mwanamke, Hannah Humphrey, dukani kwake St James's Street. Gillray mwenyewe aliishi juu ya duka hilo. Wanaosambaza picha kwa maneno ya dharau hawamtaji hata siku moja.

Huku kwetu wanawake walikuwa wakisoma?

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi, na ndani yake akawaita wanawake wausome. Msingoje picha ya London ndipo muulize habari za bibi zenu.

Naweza kuichapisha niitundike sebuleni?

Itundike. Gillray alifariki mwaka 1815, hakuna anayekudai. Nakala safi ipo kwenye tovuti ya British Museum. Chini yake andika jina lake, la Hannah Humphrey, na mwaka.