Hii "ka" ya kwenye tenzi za kale ni ya wakati gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma tenzi za zamani na hii "ka" inanivuruga kweli. Shule tuliambiwa ni ya kusimulia yaliyopita, sasa mbona mshairi Mwana Kupona, kwenye utenzi wake wa wasia, anamwambia bintiye "asa ukazingatia" wakati huyo binti hata wasia wenyewe hajausikia? Halafu kuna vitenzi vinaanza na "ka" tupu, sijui nani katenda.

JIBU: Marahaba. Shuleni hawakukudanganya ila walikupa nusu. "Ka" yenyewe haina wakati, inadandia tu kitendo au hali iliyotangulia, kama kilichotangulia kimepita basi nayo imepita, kama bado basi nayo bado. Kwenye huo utenzi wa 1858 mama kasema "upulike wasiati, asa ukazingatia", yaani usikilize wasia, huenda ukauzingatia. Na wala si mambo ya kale, mbona sisi wenyewe kila siku tunasema "huenda akaja kesho" na hakuna anayeshtuka! Hata ukimwambia mtoto "nenda kalale", ni "ka" hiyohiyo, usingizi unafuata baada ya kwenda.

Sasa hiyo "ka" tupu ndiyo yenye kazi. Kipande cha utenzi kina mizani (yaani silabi) 8, na "akamwambia" peke yake inakula 5, kwa hiyo mshairi anaidondosha "a" inabaki "kamwambia", kaokoa mizani moja. Shida ni kwamba hata "nikamwambia" inaweza kukatwa hivyohivyo, kwa hiyo umbo peke yake halikwambii ni mimi au yeye, lazima urudi beti moja mbili nyuma uone nani alikuwa anaongea. Na usiichanganye na "kaja" ya mazungumzo ya leo, ile ni "amekuja", haidandii chochote. Ah, na ukikutana na "kamba" katikati ya mazungumzo usitafute mzigo wa kufunga, "kuamba" ni kusema, "akamba" ni akasema, ikikatwa ndo hiyo kamba.

Ila mtego mkubwa hukuuuliza na nadhani ndo umeshakunasa bila kujua. Kwenye maandishi ya zamani na lahaja za pwani ya kaskazini, "nika" mara nyingi inabanwa inakuwa "ha". Kwa hiyo "hamwona" ni nikamwona, "hamwambia" ni nikamwambia, mtu wa leo anasoma haraka anadhani ni kukanusha, hadithi nzima inageuka kichwa chini. Dawa yake tazama mwisho wa kitenzi, kikanushi cha sasa kinaishia na "i", "hamwoni", ukiona "a", na baada ya "ha" hakuna "ku", "ta" wala "ja" ya kukanusha, ujue ni mtu anasimulia yake. Dawa hiyo inagoma kwenye vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kwa sababu mwisho wao haubadiliki, "harudi" inaweza kuwa yeye harudi au mimi nikarudi, hapo tegemea muktadha tu, na ukiona kabla yake kuna kitendo kingine cha msimuliaji mwenyewe, mathalan "henda, harudi", soma nikaenda nikarudi.

"Ka" ya katoto na kajumba iache, hiyo ni ngeli ya udogo, haihusiani kabisa na hizi.