Kama Mimi ni Mamako, Mbona Hunisikizi?

Binti yangu ana miaka mitano na amepewa jina la marehemu mamangu. Kwa hivyo simwiti kwa jina. Tangu azaliwe namwita mama, kama tunavyowaita wengi wetu hapa Mombasa watoto waliobeba majina ya wazee. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo hadi jioni moja ndani ya feri ya Likoni, nilipomwambia, "Mama, toka hapo kwenye vyuma."

Hakutoka. Akanigeukia.

"Baba, kwani mimi ni mamako?"

"Wewe ni mwanangu. Lakini bibi ni somo wako, ndiyo nakwita mama."

Akafikiri mpaka feri ikafika katikati ya maji.

"Bibi angekwambia umbebe, ungembeba?"

"Ningembeba."

"Na mimi jana nilikwambia, ukasema umechoka. Kama mimi ni mamako, mbona hunisikizi?"

Nilimbeba kutoka ferini hadi kwenye stendi ya matatu. Mama mmoja mwenye kapu la samaki alicheka njia nzima, akasema, "Leo umepatikana, baba."

Nawasimulia wazazi wenzangu kisa hiki kwa sababu ndipo nilipoanza kusikiliza. Mtoto huyapima maneno tunayompa, kisha hutudai. Siku nyingine aliniuliza mbona mwalimu asema shule huanza saa nane na sisi nyumbani twasema saa mbili, je, shule ina jua lake? Nilikuwa na haraka, nikamjibu, "Ndivyo ilivyo." Siku hiyo hakuuliza tena kitu chochote, na kimya chake kiliniuma. Usiku nikamweleza kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua likichomoza, nao wenye saa ya Kiingereza huanza usiku wa manane. Akasema, "Basi wao huamka mapema kuliko sisi." Sikumsahihisha.

Lakini lililonifunza zaidi lilitokea kando ya bahari, pale Mama Ngina, Jumapili moja asubuhi. Tulikuwa tumeketi na mihogo yetu ya kukaanga, wangu wenye pilipili na ndimu, wake mtupu. Ilikuwa siku ya bamvua na maji yalikuwa yamepwa sana, miamba yote iko wazi.

"Baba, maji yamekwenda wapi?"

Nikafurahi, maana hilo nalijua. Nikamwambia mwezi huyavuta maji, na siku za bamvua jua nalo huvuta pamoja na mwezi, ndiyo yakipwa hupwa mbali na yakijaa hujaa sana. Baada ya saa sita hivi utayaona yamerudi.

"Hurudi kila siku?"

"Kila siku, mara mbili."

"Basi kwa nini bibi harudi?"

Mamangu alipofariki, binti yangu alikuwa na miaka minne. Sisi watu wazima tulikubaliana tumwambie bibi amesafiri. Tulidhani tunamhurumia. Miezi michache baadaye nilikuwa na safari ya kikazi, nishike treni ya SGR kwenda Nairobi, na asubuhi ile sikuona kiatu changu kimoja. Alikificha ndani ya ndoo ya nguo chafu. Nilimkaripia, na alilia sana. Pale Mama Ngina ndipo nilipoelewa alikuwa akilia nini. Bibi alisafiri, hakurudi. Baba naye anasafiri.

Kwa hivyo nakuomba, ndugu yangu, kifo ukiite kifo. "Amesafiri" na "amelala" yaache, maana mtoto naye husafiri, na kila usiku hulala. Hata "Mungu amemchukua" ningelingojesha, kwa sababu mtoto wa umri ule atataka kujua kesho atachukuliwa nani. Nami nilichelewa, lakini nilimwambia: "Bibi hakusafiri. Bibi alikufa. Mtu akifa haumwi tena, hasikii njaa, na harudi. Mimi nikienda Nairobi, narudi."

"Nairobi si kufa?"

"Si kufa, mama."

"Warudi na treni ile ile?"

"Ile ile."

Jambo jingine nililoligundua ni kwamba maswali mazito huja tukiwa bega kwa bega, tunatembea au tunatazama maji. Nikimkalisha mbele yangu nimuulize ana nini, husema hana kitu. Basi njiani simu huwa mfukoni. Na swali lake simpelekei shangazi yake likawe kichekesho naye yupo hapo anasikia. Kwanza namuuliza, "Wewe waonaje?" Jibu lake ndilo hunionyesha anachokiuliza hasa. Siku ile ya maji ningeuliza mapema, maelezo yote yale ya mwezi na jua nisingeyahitaji.

Tulikaa kidogo. Kisha akasema anataka muhogo mwingine.

"Wenye pilipili. Kama wa bibi."

Mamangu alikuwa akila muhogo mwekundu kwa pilipili. Nilimnunulia, akaonja kidogo, macho yakamjaa machozi, lakini akatafuna mpaka akameza. Aliponitazama akaona yangu pia yamejaa.

"Baba, nawe ni pilipili?"

"La. Nimemkumbuka mamangu."

Akasogea karibu, akanifuta kwa kiganja kile kile chenye pilipili.