Mwalimu wa Uraia, anzia kwa bibi wa mwanafunzi

Walimu wengi wakisikia nadharia za sosholojia, yaani elimu ya jamii, huona ni mambo ya chuoni, ukishafaulu mtihani unayaacha hukohuko. Mimi nakushauri uzirudishe darasani, tena bila kuwatajia watoto majina ya wanazuoni.

Ninayemtegemea zaidi ni Mmarekani C. Wright Mills. Mwaka 1959 aliandika kwamba huwezi kuyaelewa maisha ya mtu ukiyatenga na historia ya jamii yake. Katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja, tunachunguza tabia na ujuzi wake. Wakikosa kazi milioni 15 katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, hilo si la mtu tena, ni la jamii nzima.

Ndiyo maana nikifika kwenye ujamaa sianzi na tarehe. Nawatuma wanafunzi wakaulize nyumbani: kabla ya hapa tuliishi wapi, na kwa nini tulihama? Nyumba za kijiji hiki zimejipanga mstari kando ya barabara, na wao wamezaliwa wakiziona hivyo. Wanarudi na habari za mikorosho iliyoachwa mbali, makaburi ya wazee yaliyobaki porini, lakini pia za shule na zahanati vilivyokuja baadaye. Hapo sasa naandika ubaoni: Novemba 1973, Nyerere atangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, mwisho 1976. Darasa linalipuka kwa maswali. Nani alinufaika? Nani alipoteza? Usiwajibie. Waache wabishane, mradi kila mmoja aeleze amelisikia kwa nani.

Angalizo moja kubwa: usimsimamishe mtoto aeleze umaskini wa kwao. Shuleni kwetu wanafunzi waliochelewa kufika walikuwa wakiitwa wavivu. Niliwaomba wanafunzi waandike kwa wiki nzima, bila majina, walifanya kazi gani kabla ya kuja shule, na kama ni wa kike au wa kiume. Karatasi za wasichana zilijaa maji, kuni, kufagia, kuogesha wadogo zao. Za wavulana nyingi zilikuwa na mstari mmoja. Tulizisoma pamoja kwenye mada ya jinsia, na wavulana wenyewe ndio walioanza kuuliza nani alipanga hivi.

Muda ni mfinyu, najua, na muhtasari wa somo ni mrefu. Chagua mada moja tu kwa muhula, na swali la kwenda kuuliza nyumbani litoe Ijumaa.